Upepo Thelathini na Sita

Wifi yangu, mke wa kaka yangu wa pekee, ana maneno machache kuliko kuku anayeatamia. Ukimsalimia anajibu, ukimuuliza anajibu, ukinyamaza naye ananyamaza, na hapo ndipo wengi humdhania ana kiburi. Mimi niliyekaa naye ua mmoja miaka kumi na minne najua hana kiburi. Ana kazi. Maneno ananiachia mimi, na mimi sijawahi kulalamika kwamba ni mengi.

Kazi yake ni kupeleka maziwa. Alianza kwa miguu na ndoo yenye mfuniko, nyumba sita. Akaja baiskeli, nyumba kumi na moja. Miaka mitatu iliyopita mwalimu mmoja aliyekuwa anahama alimuuzia skuta, kijichombo cha rangi ya kutu chenye magurudumu ya kimo cha sufuria. Kaka yangu, ambaye ni mwashi na hurudi nyumbani mwisho wa mwezi, alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. "Hii utaipanda wewe au itakupanda?" Kesho yake wifi alikuwa barabarani.

Mkebe mmoja wa lita ishirini unasimama mbele, pale pa kuwekea miguu, katikati ya magoti yake. Wa pili anaufunga nyuma kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu. Asubuhi anajaza yote miwili kwenye kituo cha kupozea maziwa kule juu, anateremka nayo nyumba kwa nyumba, anapita mgahawani, na mwisho kabisa anafika chekechea, ambako jikoni wanachukua lita kumi na tano. Mikebe anaipunguza sawasawa, akichota mbele nyumba hii, nyumba inayofuata anachota nyuma, ili chombo kisielemee. Kutoka kituoni mpaka mgahawani ni lami. Kutoka mgahawani mpaka chekechea ni kama kilomita mbili za vumbi gumu lenye mikunjo mikunjo kama ubao wa kufulia. Ukipita pale huku unaongea, unauma ulimi.

Akirudi, mikebe naosha mimi. Ndiyo kazi yangu tangu goti liliponikataza kusimama gengeni kutwa nzima, na ujira wangu ni lita moja ya maziwa kwa siku.

Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyepima upepo wa yale matairi kwa namba. Wifi alikuwa anabonyeza kwa kidole gumba, kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Likikataa kubonyea sana, basi upepo upo. Lakini tairi la skuta ni kama wanaume fulani ninaowajua: limesimama vizuri, limenyooka, na ndani hamna kitu.

Siku moja, kwenye kona ya kwanza baada ya kituo, mikebe ikiwa imejaa pomoni, nyuma ya skuta ikaenda kushoto wakati mwenyewe anakwenda kulia. Alilala chini. Hakuvunjika, ila kiwiko kilichubuka na lita kumi na nane zikaenda mtaroni kuwanywesha mbwa. Waliomwinua wanasema tairi la nyuma lilikuwa la moto kama sahani iliyotoka jikoni, na ubavuni lilikuwa limepasuka pasuka kama kisigino cha mkulima.

Ndipo tukaenda kwa Profesa.

Profesa ni fundi wa pancha hapo njia panda. Jina amepewa kwa sababu hawezi kuziba tundu bila kukufundisha tundu ni nini. Alimwekea wifi tairi jipya nyuma, akapuliza, akasimama mikono kiunoni.

"Shemeji, somo ni moja. Mzigo mzito unataka upepo mwingi. Wewe ulikuwa unabeba maziwa juu ya puto lililochoka."

"Sasa niweke upepo kiasi gani?" wifi akauliza.

Profesa akainama, akaonyesha maandishi madogo ubavuni mwa tairi. "Soma hapa. Arobaini na nne. Watengenezaji wenyewe wameandika. Wewe na mimi ni nani tubishane na kiwanda?"

Akajaza arobaini na nne nyuma. Akazunguka mbele, akajaza arobaini na nne. "Haki sawa," akasema, akapangusa mikono. Na kila Jumatatu wifi alikuwa anapita hapo, Profesa anabonyeza kwa kidole, anaongeza kidogo.

Skuta ikawa ngumu kama kigoda. Nilipanda mara moja nyuma kwenda sokoni, niliporudi nilirudi kwa miguu. Lakini wifi hakulalamika. Aliyeumwa na nyoka huogopa hata kamba, na yeye alishalala mtaroni na lita kumi na nane. Kama ugumu ndio usalama, basi apewe ugumu.

Wiki mbili zikapita. Ikaja Alhamisi.

Kitinda mimba wangu anasoma chekechea ile ile, kwa hiyo asubuhi mimi husimama kwenye foleni ya wazazi getini, na geti liko ubavuni mwa dirisha la jikoni. Mpishi wao ni mwanamke mrefu, aproni nyeupe muda wote, ambaye hata mwalimu mkuu humwomba chai kwa adabu. Wifi alifika, akazima skuta. Kabla hajafungua mkebe, mpishi akamwita.

"Mama Maziwa, njoo uone kitu."

Wifi akasogea dirishani. Mpishi alikuwa ameshika uma, anaupitisha juu ya sufuria.

"Haya ni ya jana. Nimeyachemsha, nimeyaacha yapoe taratibu. Utando uko wapi?"

"Siuoni," wifi akasema.

"Hata mimi siuoni. Mwaka mzima nimeondoa utando hapa wa kukunja kama leso. Sasa ni wiki ya pili napata maji meupe. Nikuulize kwa heshima, dada yangu. Unaongeza maji?"

Foleni nzima ikakata mazungumzo. Muuza maziwa unaweza kumwita mchelewaji, unaweza kumwita bahili wa kipimo, atakusamehe. Ukimwambia maji, umemzika. Hana cheti cha kuonyesha wala mahakama ya kwenda. Ana jina lake tu, na jina hukaa midomoni mwa watu kama wale waliokuwa pale, waliotega masikio yao yote.

"Siongezi maji," wifi akasema.

Hapo ningenyamaza, ningekuwa nimesaidia. Lakini mdomo wangu huamka mapema kuliko mimi. "Maji ayatoe wapi?" nikasema kwa sauti. "Bomba letu halijatoa tone wiki mbili sasa!"

Baba mmoja mbele yangu akageuka. "Kwa hiyo bomba lingetoa, mama?"

Watu wakacheka. Wifi hakunitazama, na ingekuwa afadhali angenitazama.

"Sijasema unaongeza," mpishi akasema, sauti imeshuka. "Nimeuliza. Lakini mwalimu mkuu amesema mambo yakiwa hivi hivi mpaka wiki ijayo, nichukue kwa yule muuza maziwa wa pikipiki."

"Kesho usinisubiri," wifi akasema. "Jumatatu nitaleta maziwa."

"Na leo umeleta nini?"

"Jumatatu nitaleta maziwa."

Akawasha skuta, akageuza na maziwa yake bila kumimina. Habari ilikimbia kuliko skuta yenyewe. Jioni ile wateja watatu wa nyumbani walituma salamu kwamba kesho wasipelekewe, wana yaliyobaki. Maziwa yaliyobaki, kwenye nyumba zenye watoto wanne wanne.

Nilimkuta uani amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatazama ukuta. Nikachukua mikebe, nikahamishia maziwa sufuriani, nikaanza kuosha, na nilipofika kwenye shingo ya mkebe, mkono wangu ukasimama wenyewe.

Ngoja niseme, maana nisiposema mimi atasema kitinda mimba wangu. Kwa wiki mbili zile, kila nilipoosha mikebe, nilikuwa nakuta vidonge vya njano vimeganda shingoni na chini ya mfuniko. Nilikuwa navikwangua kwa kijiko, naviweka kwenye kikombe, natia chumvi kidogo, na asubuhi tunapaka mkate. Nilidhani labda ng'ombe wamebadilishiwa majani. Mtoto alishaanza kuota mashavu.

"Wifi," nikasema, "nina kitu cha kukuonyesha. Ila uahidi kwanza hutanipiga."

"Nionyeshe."

Nikaleta kikombe. Alikinusa. Akatia ncha ya kidole, akaonja.

"Imetoka wapi hii?"

"Kwenye mikebe."

"Tangu lini?"

Nikapiga hesabu, na hesabu ikanisuta. "Tangu uweke tairi jipya."

"Na hukusema."

"Nilidhani ni ziada."

"Ziada." Alikizungusha kikombe mkononi. "Wifi, ng'ombe hana ziada. Kilichopo huku kimetoka kule."

Akanyamaza kitambo. Nami, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne, nikanyamaza naye.

"Siagi hupatikanaje?" akauliza mwishowe.

"Kwa kutikisa maziwa."

"Na mimi kutoka mgahawani mpaka chekechea nafanya nini?"

Jibu lilikuwa kwenye kikombe. Wenye nyumba na mgahawa walikuwa hawajalalamika kwa sababu yao hutolewa kwenye lami, na mkebe ungali na maziwa mengi, hauna nafasi ya kucheza. Chekechea ndio wa mwisho. Mikebe ikifika kwenye ile barabara ya ubao wa kufulia imebaki nusu, skuta ngumu kama jiwe, maziwa yanapigwa huku na huku kilomita mbili nzima. Siagi inaganda kwenye chuma, mpishi anapata kilichobaki. Hakukuwa na tone la maji. Kulikuwa na upepo wa ziada, na mimi nikiula kwa mkate.

"Basi ni rahisi," nikasema. "Toa upepo."

Akanigeuzia kiwiko chake chenye kovu, akanionyesha. Nikaelewa. Ukitoa, analala mtaroni. Ukiacha, anaitwa mwizi. Katikati ya hayo mawili kuna namba, na hatukuwa nayo.

Ijumaa alipomaliza nyumba zilizobaki alipita duka la vipuri akanunua geji ya kupimia upepo, kitu chembamba kama kalamu ya mwalimu, na pampu ya mkono. Tukaenda kwa Profesa. Palikuwa na madereva watatu wanasubiri pancha zao, ndiyo hadhira anayoipenda.

"Profesa," wifi akasema, "nipimie upepo. Kwa kidole."

Profesa akabonyeza tairi la nyuma, akafumba jicho moja. "Hili limeshuka. Thelathini, thelathini na moja."

Wifi akachomeka geji. Ikatoka arobaini na sita. Akamwonyesha. Dereva mmoja akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa.

"Geji ya bei rahisi hiyo," Profesa akasema. "Kidole hiki, shemeji, kimepima matairi kabla hujaolewa."

"Basi kimechoka. Kipumzike," nikasema mimi.

"Wifi," wifi akaniambia, yaani ninyamaze. Kisha kwa Profesa: "Sijaja kubishana. Nataka kupunguza."

"Upunguze uanguke tena, halafu useme Profesa ndiye aliyekuwekea tairi?" Sasa hakuwa anacheza. "Mimi ndiye niliyeona lile tairi lako la zamani. Lingepasukia kwenye lami, tusingekuwa tunaongea hapa. Sitaki."

"Sitaki kupunguza ovyo. Nataka namba yangu."

"Namba iko kwenye tairi."

"Hiyo namba inajua mimi nina kilo ngapi?"

Profesa ni mtu wa maneno mengi lakini si mwongo, hilo nampa. Akachuchumaa tena, akapitisha kidole kwenye yale maandishi. "Hii," akasema polepole, "kusema kweli, ni mwisho wa uvumilivu wa tairi. Isizidi hapo."

"Kwa hiyo umenijazia mpaka mwisho wa uvumilivu."

"Mbele na nyuma," nikaongeza. "Hata ndoa haijazwi hivyo."

Wale madereva walicheka, na Profesa mwenyewe akacheka upande mmoja wa mdomo. Akajikuna kichwa. "Kila chombo kina stika yake inayosema upepo wa mtu mmoja na upepo wa watu wawili. Ya skuta mara nyingi iko chini ya kiti. Yako sijaiona."

Hakuiona kwa sababu hakuna aliyekuwa ameiona. Nyumbani tuliinua kiti, tukakuta vumbi na maziwa ya miaka mitatu yamekauka pamoja mpaka yamekuwa kama plasta. Nilikaa hapo na kitambaa, maji ya moto na sabuni. Ikatokea picha ya mtu mmoja juu ya skuta, pembeni yake ishirini na tano mbele, ishirini na tisa nyuma. Chini yake picha ya watu wawili: ishirini na tano mbele, thelathini na sita nyuma. Sisi wote wawili tuliishia darasa la saba, lakini namba ni namba, haiulizi uliishia wapi.

"Hamna picha ya mtu na mikebe," nikasema.

Wifi aliitazama ile stika muda mrefu. "Mkebe ni mtu," akasema. "Tumpime."

Jumamosi tukaenda kwa mwenye mashine ya kusaga, ana mizani kubwa ya magunia. Mikebe miwili imejaa maji, mifuniko, mpira wa kufungia: kilo hamsini na moja. Mwenye mashine akaniomba nipande na mimi, kwa udadisi tu. Sabini na saba.

"Maziwa yako ni msichana mwembamba," akamwambia wifi. "Huyu hapa ni maziwa na ng'ombe wake."

Nilimjibu, lakini jibu langu si la kuandikwa.

Hivyo nyuma ni watu wawili, thelathini na sita. Mbele wifi alifikiri zaidi. Abiria wa kwenye picha amekaa nyuma mzima mzima, akasema, lakini abiria wake yeye amegawanyika, nusu iko nyuma, nusu imesimama magotini mwake. Akaamua mbele ishirini na saba badala ya ishirini na tano. Mimi ningeweka ishirini na tano nikalale. Ndiyo maana maziwa anapeleka yeye.

Lakini kuamua uani ni jambo moja. Wifi hakutaka kwenda Jumatatu na matumaini. Jumapili mchana akachukua vidumu vitatu vya lita tano, akatia kila kimoja maziwa nusu, yakiwa baridi, kimoja kwa kila safari. Nyuma akafunga mkebe wa maji nusu, kama unavyokuwa baada ya mgahawa. Tukaenda kwenye ile barabara ya mikunjo. Mimi nilikaa kwenye jiwe na geji, pampu na kitambaa cheupe cha kuchujia.

Safari ya kwanza, arobaini na nne kote. Alienda chekechea na kurudi. Niliposikia anarudi nilidhani ni mkokoteni wa vyombo. Tukachuja. Kwenye kitambaa zikabaki punje za njano, kama mtama uliomwagika. Wifi akazitazama, akakunja midomo, akasema tu, "Haya." Lakini niliona mabega yake yanashuka. Siku nne mtu amebeba neno la wizi ambalo si lake, hata punje zinaweza kuwa faraja.

Safari ya pili niliiomba mimi. "Jaribu ishirini," nikasema, "maziwa yalale kama mtoto." Akanitazama, akakubali ili nijue. Akatoa upepo mpaka ishirini. Aliondoka taratibu, na kwa macho yangu niliona makalio ya skuta yanayumba kama bata anayerudi kwake. Aliporudi kitambaa kilikuwa safi, hata punje moja. Nikafurahi.

"Shika tairi," akasema.

Nikashika la nyuma, nikatoa mkono haraka. La moto.

"Hapo mkebe ni mmoja tena nusu, na nimekwenda polepole," akasema. "Ijaze mikebe yote, uje kwenye kona." Sikuuliza tena habari ya ishirini.

Tukasubiri tairi lipoe, akajaza nyuma thelathini na sita, mbele ishirini na saba, akaondoka na kidumu cha tatu. Kitambaa kikatoka safi. Nilikigeuza upande wa pili, nikakiinua juani. Safi. Nikapima upepo upya ili tuandike, geji ikasema thelathini na tisa.

"Nani ameongeza?" nikauliza. Nilikuwa peke yangu na mawe. "Ngoja nitoe tatu."

"Usiguse." Alikuwa ameshika lile tairi kwa kiganja, amekunja uso. "Limepata moto. Upepo ukipata moto unavimba. Tukitoa sasa, kesho asubuhi litakuwa limepungua, na tutajua kwenye kona." Tukakaa kwenye jiwe wote wawili, hatuna la kufanya, tunasubiri tairi kama watu wanaosubiri mgeni. Lilipopoa kabisa, thelathini na sita. Ndipo akaamua kwamba upepo utapimwa nyumbani asubuhi, kabla skuta haijatembea hata hatua, wala si kwa Profesa baada ya kukimbia mpaka njia panda.

Nilimuuliza jambo lililokuwa linanikera. "Unaondoka na mikebe imejaa, unafika chekechea na nusu. Upepo ni mmoja. Utaweka wa kujaa au wa nusu?"

"Wa kujaa," akasema. "Yakigeuka siagi nitaitwa mwizi, na nitajieleza. Nikianguka nani atajieleza kwa niaba yangu?"

Jumatatu alipima mara mbili, geji mdomoni kama sigara huku anajaza kwa pampu. Nilimkuta chekechea, nikiwa kwenye foleni, na safari hii nilikuwa nimeuma ndimi zote nilizonazo. Mpishi alipokea maziwa, akayapitisha kwenye chujio, akalitazama chujio, akaondoka nalo. Maziwa huchemshwa, hupoa, utando huja baadaye. Watu walitarajia fujo, wakarudi nyumbani na njaa yao. Siku ile wifi hakula mchana. Alifua mapazia ambayo hayakuwa machafu.

Jumanne foleni ilikuwa ndefu. Skuta ilifika kimya, si kwa kelele za vyombo kama zamani. Wifi alishuka, helmeti kichwani, akaanza kufungua mpira wa mkebe. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Mpishi alikuwa amesimama na sufuria ya jana mbele yake na uma mkononi, na juu ya uma ulikuwa umening'inia utando mzito, wa njano, mzima kama kitambaa cha meza.

"Mama Maziwa," akasema kwa sauti ya chini, ile ya watu wawili. "Haya ndiyo maziwa. Ilikuwa nini?"

"Matairi yalikuwa magumu kupita kiasi. Maziwa yalikuwa yanageuka siagi njiani. Nimepata kipimo."

Mpishi aliipokea habari ile kama mtu wa jikoni, akitikisa kichwa taratibu, maana anajua maziwa yakipigwa yanakuwa nini. "Yule wa pikipiki nimeshamwambia asije," akasema, chini vile vile. "Na lile neno la siku ile, nilikuuliza vibaya."

Wifi aliendelea kufungua mpira. "Sisikii vizuri, dada. Nina helmeti."

Mpishi akamtazama. Akatutazama sisi kwenye foleni, na sisi tukawa tunatazama viatu vya watoto wetu kwa bidii kubwa. Alhamisi neno lilitoka dirishani likaingia kwenye foleni, na wote pale tulijua lilikolala. Nilidhani atafunga dirisha. Ni mwanamke mzito, hata salamu yake hutolewa kwa kipimo.

Akauweka uma chini. Akatoka kwa mlango wa jikoni, kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya wakati wa foleni, akasimama kando ya skuta na aproni yake.

"Jamani," akasema, na hakuhitaji kurudia. "Alhamisi nilimuuliza huyu mama kuhusu maji, mkiwa mnasikia. Maziwa yake hayana maji. Hayajawahi kuwa na maji. Aliyekosea ni mimi."

Yule baba wa bomba akajikuna shingo. Mama mmoja, wa zile nyumba tatu zenye maziwa yaliyobaki, akajifanya anamfunga mwanawe kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Mimi nilinyamaza, na naomba ihesabiwe.

Wifi akavua helmeti, akaiweka juu ya kiti. Uso wake ulikuwa na jasho na alama ya mkanda kidevuni.

"Asante, dada," akasema. "Ni lita kumi na tano?"

"Kumi na tano," mpishi akasema, akashika sufuria kwa mikono miwili, na wifi akaanza kumimina.